Injini Sebuleni: Nukta ya Nne

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa sakafuni, nimeegemea bloku la injini, nacheka peke yangu kama mtu aliyepagawa. Nilikuwa na sababu. Pistoni ya mwisho ilikuwa imekubali kutoka.

Kwa anayeingia leo nitamweleza upesi, maana nina hasira, na hasira haijui kungoja.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Lori lake mwenyewe, si la tajiri. Mimi nilikuwa utingo wake tangu nilipomaliza shule, ndiyo maana mtaani wananiita Spana. Siku aliyopigwa na kiharusi alilipaki uani, akashuka, akaanguka. Lori halikuwashwa tena. Mvua ikaingia, kutu ikala injini, kuku wakahamia kwenye kiti cha dereva.

Kaka yangu akasema liuzwe kama chuma chakavu. Nikamwambia atauza kwanza mifupa yangu. Baba mdogo akaitwa, akaamua: nipewe mpaka Jumamosi hii. Injini ikinguruma mbele ya ukoo, lori ni langu, nifanye nalo kazi. Isiponguruma, Sumaku, yule mnunuzi wa chuma chakavu, aje na mnyororo wake.

Tangu hapo mmesoma yaliyonipata. Silinda hedi ilipasuka. Fundi niliyemwamini alitoweka na spana zangu. Mchumba aliniambia nichague, yeye au injini. Sikuchelewa kuchagua.

Injini iko sebuleni. Msinicheke. Vijana wa mtaani waliiingiza kwa kuiviringisha juu ya mabomba, na makochi yakatoka nje. Ningefanyaje? Siwezi kuwa uani na injini na ndani na baba kwa wakati mmoja.

Upande wa kulia wa baba umekufa, na maneno yamekwenda na upande huo. Amebaki na mkono wa kushoto. Anaongea kwa kugonga ubao wa kiti chake: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Na hapana yake ni ya taratibu. Anagonga mara ya kwanza, mkono unachoka, unapumzika, ndipo unanyanyuka tena. Hapo katikati unaweza kumenya kitunguu. Mara ngapi nimemtilia sukari nikidhani amesema ndiyo, kijiko kimeshazama, ndipo nasikia anagonga ya pili! Tunacheka. Yaani mimi nacheka, yeye macho yanacheka.

Haya. Twende Jumatano.

Jumatano ilikuwa siku ya kufunga krenkshafti. Huo ndio uti wa mgongo wa injini. Pistoni zinapiga, krenki inazunguka, lori linakwenda. Inalala ndani ya bloku, na inashikwa na kofia saba za chuma zinazofungwa kwa bolti. Ukiziona kofia hizo utasema ni mapacha. Si mapacha. Kila moja ina mahali pake. Ya tatu ukiifunga pa nne, krenki inabanwa, haizunguki ng'o.

Namba za kiwandani zilikuwa zimefutika. Kwa hiyo nilipozifungua niliziwekea alama mwenyewe kwa rangi ya kucha. Nukta moja, kofia ya kwanza. Nukta mbili, ya pili. Hivyo hivyo mpaka saba.

Rangi nilipewa na wifi yangu, mke wa kaka. Ni msusi, ana saluni huko barabarani. Nyekundu, ya kung'aa.

"Injini nayo inataka kupendeza, wifi," alisema.

Nilizipanga kofia kwenye sinia, sinia nikaliweka juu ya stuli kando ya kiti cha baba, na chupa ya rangi pembeni.

"Baba, nakwenda dukani kuchukua beringi. Nichungie kofia zangu."

Akagonga mara moja. Nikasubiri, maana namjua. Mara moja tu.

Niliporudi nilimkuta kidevu kinang'aa.

"Nani kakunyoa, bwana harusi?"

Akanionyesha barabarani kwa mkono. Wifi alikuwa amepita. Nikashukuru moyoni, nikapiga magoti kwenye injini.

Baba alinifundisha hivi: funga kofia moja, zungusha krenki kwa mkono. Funga ya pili, zungusha tena. Ikikaza mahali, unajua mwizi ni nani. Lakini Jumamosi ilikuwa inanipumulia kisogoni. Nikapachika beringi, vile vipande vyembamba vinavyolala kati ya krenki na kofia, nikapaka mafuta, nikapanga kofia kwa nukta zake, nikazifunga zote saba kwa mfululizo kama mtu anayekimbizwa. Haraka haraka haina baraka, tumeambiwa tangu chekechea, na bado.

Nikashika krenki kwa mikono miwili. Nikavuta.

Haikusogea.

Nikatia bomba refu, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Haikusogea hata unywele.

"Baba, imekaza!"

Baba alikuwa anaangalia dirishani. Mtu ambaye siku zote hunitolea macho nikikosea hata bolti moja, leo anaangalia kuku.

Nikafungua kofia, nikazibeba mlangoni kwenye mwanga. Beringi safi. Hakuna uchafu. Nikaangalia nukta.

Kofia ya nukta nne ilikuwa na nukta tatu nzuri, zangu, ndogo ndogo. Ya nne ilikuwa imebandikwa kama tope, kubwa, imepinda. Kofia ya nukta tatu ilikuwa na mkwaruzo pembeni, na ndani ya mkwaruzo wekundu umebaki kidogo.

Mtu alikuwa ameongeza nukta huku, akabandua nukta kule. Ya tatu amenigeuzia ya nne, ya nne amenigeuzia ya tatu. Hii haikuwa bahati mbaya. Hii ilikuwa akili.

Damu ikanipanda kichwani. Rangi ni ya nani? Ya wifi. Nani aliingia humu nikiwa sipo? Wifi. Mume wake ni nani? Kaka, anayetaka lori liende kwa Sumaku. Halafu nikakumbuka Jumapili. Kaka alikuja, mtu asiyekanyaga hapa mpaka pawe na kikao, akaniambia kwa sauti ya asali: "Nenda kapumzike, dada, nikae na mzee." Nikamshukuru, mimi mjinga. Nikaenda kulala!

Mume anapeleleza, mke anatekeleza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sikunawa. Nilikwenda saluni na ovaroli yangu, grisi mpaka kwenye viwiko, kofia mbili mkononi.

"Wifi, toka nje!"

"Nina kichwa cha mtu mkononi, wifi. Kuna nini?"

"Toka kabla sijakutoa na hilo chanuo!"

Wateja wakageuka wote. Mmoja alikuwa chini ya lile dude la kukaushia nywele, hakusikia, akauliza kwa sauti, "Kuna moto?"

Nikaziweka zile kofia juu ya meza, katikati ya mafuta ya nywele na vibanio. "Hii ni nini? Nieleze, hii ni nini?"

"Mimi najua kofia za kichwani tu," wifi akasema. "Hizo ni chuma."

"Usinifanyie mzaha! Umekula kwangu, umekunywa kwangu, nimekupokea kama dada yangu wa tumbo moja, kumbe nafuga nyoka. Mumeo amekutuma unibadilishie nukta za kofia hizi, krenki isizunguke, uniharibie injini!"

"Shusha sauti, nina wateja."

"Nishushe? Wasikie! Wajue anayewasuka ni nani! Mikono hiyo hiyo inayowabembeleza vichwa inachimba kaburi la ndugu!"

Nilisema na mengine. Gazeti hili husomwa na watoto, siyarudii. Wifi alikuwa amesimama na chanuo. Mteja aliyekuwa kitini akainuka na nusu ya nywele zake, akachukua mkoba, akatoka.

Wifi akamwangalia akienda. Ndipo akanigeukia.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi nisikilize kabla hujaendelea. Mimi nikitaka kukuharibia injini, nitaanzia wapi? Nitamwaga mchanga, ndicho ninachokijua. Huyu wako hajamwaga mchanga. Huyu amejua kwamba hii na hii zikibadilishana haizunguki, na ukizirudisha hakuna kilichoharibika. Sasa mtu anayejua hivyo ni msusi?"

Nikapandisha sauti. "Chupa ni yako!"

"Chupa ni yangu, na niliifungua mimi. Mzee aliniomba."

"Nani?"

"Mzee. Nilipomaliza kumnyoa alinionyesha chupa kwa kidole. Nikamwambia, baba, hii ni rangi. Akanionyesha tena. Nikamfungulia, nikampa, nikadhani anataka kunusa. Wazee wana mambo yao. Nikamwachia nikarudi kazini."

"Mwongo!"

"Haya, mwongo," wifi akasema, na machozi yakamtoka. "Nenda kamwangalie kidole."

Nilirudi nyumbani nikiwa natukana njia nzima. Nilimtukana wifi, nikamtukana kaka, nikawatukana hadi mbuzi walionipita. Nilitukana ili nisifikiri.

Baba alikuwa pale pale, mkono wa kushoto ameuficha chini ya shuka.

"Nipe mkono, baba."

Hakutoa.

"Nipe mkono!"

Nikauchomoa mwenyewe. Kidole gumba kilikuwa chekundu, na chini ya ukucha mlikuwa na kipande cha rangi kilichokauka.

Nimepata machungu mengi katika hadithi hii, mnayajua. Hakuna lililoniuma kama kile kidole.

"Wewe?" nikasema. "Nimekesha nikidhani watu wote ndio maadui zangu, kumbe nimempa fisi bucha alinde! Wewe, baba? Nani amekulisha? Nani anakugeuza usioze mgongo? Mwanao wa kiume hata kijiko hajawahi kukishika! Kama hunitaki kwenye lori lako si ungeniambia tangu zamani, ulipokuwa na mdomo!"

Hilo la mwisho nilitamani kulirudisha, lakini neno likitoka halina breki. Baba alifumba macho. Chozi likateremka kwenye shavu lile lililonyolewa.

Hasira yangu haikuisha. Ilikosa pa kukaa tu. Nikapiga magoti mbele ya kiti.

"Unataka Sumaku alichukue?"

Akagonga. Nikangoja. Akagonga ya pili.

"Unataka kaka alichukue?"

Akagonga. Nikangoja sana. Akagonga ya pili.

"Sasa unataka nini?"

Swali la kijinga. Alinyoosha mkono, nikadhani anataka maji. Akaushika mkono wa ovaroli yangu, pale penye grisi nzito kuliko pote, akaukunja ndani ya ngumi yake. Akaung'ang'ania. Nilijaribu kusimama, akanivuta chini.

Ndipo Jumapili ikanirudia, na ile sauti ya asali.

"Kaka alikwambia kitu?"

Mara moja. Nikangoja. Mara moja tu.

"Kuhusu mimi?"

Mara moja.

"Alikwambia lori likiwaka nitaondoka nalo, wewe nikuache?"

Mara moja. Alipogonga aliirudisha ngumi upesi kwenye nguo yangu, asije akanipoteza.

Yesu na Maria na malaika wote! Nilitaka kupasua kitu. Kaka hakugusa bolti hata moja. Hakuhitaji. Alimkalia mgonjwa asiyeweza kujibu, akamwambia binti yako anatengeneza gari la kukukimbia, akanywa chai yangu, akaaga.

Na mimi nilimsaidia. Kwani kuna jambo nilikuwa nimelificha, hata ninyi sikuwaambia. Mle ndani ya lori, kiti cha utingo nilishakibomoa. Nimechomelea kingine, cha juu kidogo, chenye egemeo la upande wa kulia na mkanda mpana wa kumshika mtu asiyeweza kujishika. Na ubao wa kugonga. Nilitaka iwe mshangao wake wa Jumamosi: injini inanguruma, nambeba, namkalisha, namwambia, leo wewe ndiye utingo.

Nikafungua mdomo nimwambie.

Mlango ukapigwa teke.

"Umemtukana mke wangu mbele ya watu!" Kaka alikuwa ameshaingia. Nyuma yake baba mdogo na fimbo yake, na nyuma ya baba mdogo wifi, macho mekundu. Nje nilisikia honi ninayoijua. Kaka alikuwa amekuja na Sumaku.

"Mimi sikumwambia alete mtu wa vyuma," wifi akasema. "Nilimwambia wateja wamekimbia, basi."

"Nyamaza wewe. Baba mdogo, unaona? Mtu wa namna hii ndiye apewe mali ya ukoo?"

"Mnafiki!" nikasema. "Waambie ulimwambia nini baba Jumapili!"

"Nilimjulia hali. Ni kosa?"

Baba mdogo akagonga fimbo chini. Lakini kaka ana jicho kali, hilo simnyimi. Aliona krenki imelala wazi. Aliona kofia mkononi mwangu na nukta zake nyekundu. Kisha akaona kidole cha baba, na uso wake ukachanua.

"Kumbe! Baba mdogo, hebu tazama hapa. Hebu tazama kidole. Mzee mwenyewe ndiye kaivuruga injini. Mwenye mali hataki iwake! Sisi tunagombana nini?"

"Ni wewe uliyem..."

"Kimya!" Baba mdogo aliinama, akakitazama kidole, akazitazama kofia, akavuta pumzi. "Lori ni la kaka yangu. Niliamua juu ya lori lake bila kumuuliza, hilo kosa ni langu. Sasa namuuliza yeye. Atakachogonga ndicho kitakachokuwa."

"Baba mdogo, ngoja kwanza nimwambie jambo moja tu."

"Unaona? Anataka kumtia maneno!" kaka akasema.

"Hakuna atakayemwambia kitu. Wewe kaka mtu, kimya. Wewe Spana, kimya. Atakayemsemesha mzee kabla hajajibu, amekosa haki yake."

Nikaufunga mdomo. Neno lilikuwa pale pale nyuma ya meno: kiti, baba, nimekutengenezea kiti. Lilinichoma ulimi kama chai ya moto.

Sikuwa na kauli, lakini mikono sikukatazwa. Nikachukua kitambaa, nikakichovya kwenye thina, ile dawa ya kuondolea rangi, nikapiga magoti, nikakishika kile kidole chekundu. Nikaanza kukifuta taratibu, kama ninavyomfuta kila siku akimaliza kula.

"Anamfanya nini?" kaka akasema.

"Anamfuta mzazi wake," wifi akasema. "Wewe umewahi?"

Baba mdogo hakumkemea.

Kidole kikawa safi. Nikaupanguza mkono mzima, kiganja mpaka kifundo. Baba alinitazama. Mimi nikamtazama. Kisha ikabidi niuachie ule mkono, maana ndio mdomo wake.

"Kaka," baba mdogo akamwambia baba, kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Sikiliza vizuri. Unataka injini hii iwake Jumamosi? Ndiyo, gonga mara moja. Hapana, gonga mara mbili."

Mkono ukanyanyuka. Ukashuka.

Akagonga mara moja.

Kaka akavuta pumzi aseme neno.

"Subirini," wifi akanong'ona. "Mzee hagongi haraka."

Tukasubiri. Nje mnyororo wa Sumaku ulikuwa unaburutwa juu ya mawe. Mkono wa baba ulilala juu ya ubao, umechoka, unapumzika. Nilihesabu pumzi zangu nikasahau zilikuwa ngapi.

Kisha vidole vyake, vinavyonuka thina, vikatikisika. Vikanyanyuka tena, vikasimama hewani, kati ya ubao wa kiti na mkono wa ovaroli yangu.